Kununua shamba Mubambiro: nani ana udongo, nani ana haki ya kupita?

Ukitoka Goma kwa barabara ya taifa namba 2, kilomita zaidi ya ishirini kuelekea magharibi, unafika Mubambiro kabla ya kuingia Sake. Upande wa kaskazini kuna mawe meusi ya volkano na mwitu wa hifadhi ya Virunga. Ziwa Kivu haliko mbali, na mbele yako vilima vya Masisi vinaanza kupanda. Mtu wa mjini anayetafuta mahali pa kulima, pa kufuga au pa kujenga, macho yake yanaangukia hapa haraka: barabara iko, soko la Sake liko karibu, udongo unazaa.

Lakini ni papa hapa watu wengi wanapotezea pesa zao. Mmoja ananunua, anapanda, halafu mwingine anakuja na karatasi ya zamani zaidi. Mwingine anapata karatasi nzuri kabisa, lakini jirani anafunga njia na shamba linabaki kama kisiwa. Na kuna yule aliyekimbia vita, akarudi na kukuta shamba la baba yake limeuzwa.

Makala hii inaeleza mambo ya kujua kabla ya kununua shamba Mubambiro na katika Masisi kwa jumla, na pia mambo ambayo mtu anayekaa pale anapaswa kujua ili asinyang'anywe. Haichukui nafasi ya avokati. Inakusaidia kujua maswali ya kumuuliza.

Unanunua kitu gani hasa?

Sheria ya ardhi ya Kongo, ile namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka wa 1980, inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake. Hauuzwi, na Serikali haiupotezi hata miaka ipite mingapi. Kwa hiyo mtu anayekuambia "nakuuzishia udongo" anasema kitu ambacho sheria haijui. Anachoweza kukuachia ni haki ya kutumia ule udongo, pamoja na nyumba na mimea iliyo juu yake. Haki hiyo ikitolewa na Serikali inaitwa konsesyoni.

Konsesyoni ziko za aina mbili. Ya kudumu inapewa Mkongomani tu, tena mtu binafsi, siyo kampuni wala shirika. Ya kawaida ina muda, mara nyingi miaka 25 inayoweza kurudishwa upya, na hiyo njo mgeni au kampuni anaweza kupata. Kabla ya kufika huko, Serikali inaweza kutoa kwanza mkataba wa kupanga, ule wanaoita kontra ya lokasyo, ambao hauzidi miaka 3. Ni mkataba wa matayarisho: mtu aonyeshe kwamba anatumia ile ardhi kweli. Ukiisha bila kuendelezwa, anayekuonyesha mkataba huo anakuuzishia karatasi iliyokufa.

Angalia pia nani ana mamlaka ya kusaini. Kwa ardhi ya vijijini, konservateri wa hati za ardhi anaweza kusaini mpaka hektari 10. Zaidi ya hapo, mpaka hektari 200, ni Gavana wa jimbo. Juu ya hapo inapanda Kinshasa. Kama unaonyeshwa hati ya hektari 60 ambayo haina mahali popote sahihi ya Gavana, uliza kwa nini.

Mlango wa mwami na mlango wa Serikali

Mubambiro iko katika grupema ya Kamuronza, sheferi ya Bahunde, teritware ya Masisi. Hapo, kama mahali pengi Kivu, watu wengi hawajaingia hata siku moja katika ofisi ya ardhi. Shamba walilipata kwa baba, na baba alilipata kwa mkubwa wa ardhi baada ya kutoa mutulo, ile zawadi ya heshima inayotolewa kwa chifu. Kwa Bashi wa Kivu Kusini kitu cha namna hiyo kinaitwa kalinzi.

Je, haki hiyo ya desturi ina nguvu? Ndiyo, lakini imeachwa nusu njia. Vifungu vya 387 hadi 389 vya sheria ya 1973 vilifanya ardhi zinazokaliwa na wenyeji kuwa ardhi za Serikali, kisha vikasema kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi hizo zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri. Miaka ikapita makumi bila amri hiyo kutoka. Kwa upande mwingine, Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 34 kwamba Serikali inalinda mali ya mtu mmoja au ya jamii iliyopatikana kwa kufuata sheria au desturi. Kwa hiyo mkulima wa Mubambiro asiye na karatasi hayuko mwizi juu ya shamba lake. Ana haki, lakini ni haki ambayo ni ngumu kuionyesha mbele ya mtu aliye na hati ya Serikali.

Kuna kitu kingine ambacho wanunuzi wa mjini hawakifikirii. Katika desturi, mutulo haukuwa bei. Ulikuwa alama kwamba umepokelewa na kwamba unatambua mkubwa wa pale. Familia ilibaki kwa vizazi, lakini ardhi yenyewe haikutoka katika mikono ya ukoo. Leo chifu anapokea dola, anaandika karatasi, anapiga muhuri. Mnunuzi anaelewa kwamba amenunua mpaka milele. Chifu, ao mtoto wake atakayemrithi, anaelewa kwamba amempokea mtu kwenye ardhi ya wazee wake. Kila mmoja anasema kweli kwa namna yake, na ugomvi unazaliwa bila mtu kudanganya.

Njo maana mlango mmoja hautoshi. Ukipita kwa mwami peke yake, unapata kukubaliwa lakini hupati hati. Ukipita kwa ofisi peke yake, unapata hati lakini siku ya kwanza kwenye shamba unakuta watu kumi na majembe wanaokuuliza wewe ni nani.

Kilima kimoja, karatasi tatu

Masisi ina karatasi nyingi kuliko udongo, na kuna sababu. Mwaka wa 1928 Wabeleji walianzisha Comité National du Kivu, ambayo ilipewa ardhi kubwa ili kuwagawia wazungu wa mashamba. Kati ya 1937 na 1955 wakaleta pia maelfu ya familia kutoka Rwanda, katika mpango uliojulikana kama MIB, wakaziweka hasa Gishari na kandokando yake, kazi ikiwa ni kupata mikono ya mashamba na kupunguza watu Rwanda. Wenyeji Bahunde waliona ardhi yao inapungua bila wao kuulizwa vizuri.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianizasyo: mali za wageni, pamoja na mashamba makubwa, zikapewa Wazairwa. Vilima vizima vya Masisi vikawa maferme ya ng'ombe ya watu wenye pesa ao wenye kujuana na wakubwa, na wakulima waliokuwa wanalima pale wakajikuta wako ndani ya ua wa mtu. Mwaka wa 1993 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Ntoto, Walikale, vikaingia Masisi, na swali la ardhi lilikuwa ndani yake. Kutoka 1998 mpaka 2003, Goma ilikuwa chini ya uasi wa RCD, na hati zilitolewa wakati huo pia.

Kila kipindi kiliacha karatasi zake, na kila karatasi iko kwenye sanduku la familia fulani. Unapoambiwa "shamba hili halina matata", swali la kuuliza ni hili: lilikuwa la nani 1960, la nani 1973, la nani 1993, na lilitoka mkononi mwa huyu kwenda kwa yule kwa njia gani? Muuzaji wa kweli atakujibu. Kama hajui, wazee wa lokalite wanajua.

Karatasi mkononi: kila moja inasema nini?

Watu wanachanganya karatasi, na makomisioneri wanapenda watu wachanganye. Tuzitenganishe.

Karatasi ya mauzo kati ya muuzaji na mnunuzi, hata yenye mashahidi, inaonyesha kwamba pesa zilitoka mkono mmoja zikaingia mwingine. Haionyeshi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Atestasyo ya chifu wa lokalite, wa grupema ao wa sheferi inaonyesha kwamba desturi inakutambua. Ni muhimu sana kwa kufungua dosye kwenye ofisi ya ardhi, lakini haikufanyi kuwa na konsesyoni.

Kroki na karatasi ya kupima ya kadastri zinaonyesha ukubwa na mipaka. Mtu anaweza kupimiwa shamba lisilo lake.

Mkataba na Serikali, uwe wa kupanga ao wa konsesyoni, unaonyesha kwamba Serikali imekubali kukupa haki fulani kwa muda fulani.

Hati ya mwisho ni sertifika ya usajili, ile ambayo kwenye karatasi imeandikwa "certificat d'enregistrement". Kifungu cha 219 cha sheria ya ardhi kinasema haki juu ya konsesyoni haithibitishwi kisheria ila kwa hati hiyo. Ina namba za "volume" na "folio", na namba ya kadastri, ambayo kwa ardhi ya vijijini mara nyingi inaanza na SR. Inaandikwa mara mbili: moja anapewa mwenye haki, nyingine inabaki katika kitabu cha konservateri. Kwa hiyo usitosheke na fotokopi. Nenda na zile namba mpaka ofisini, uombe kulinganisha na kitabu. Jina ni lile lile? Eneo ni lile lile? Kuna deni la benki lililoandikwa juu yake? Kuna haki ya jirani iliyoandikwa?

Neno la kuangalia sana ni miaka 2. Kifungu cha 227 kinasema sertifika haiwezi tena kushambuliwa miaka 2 ikipita tangu itolewe bila mtu yeyote kupinga mbele ya sheria haki iliyoandikwa ndani. Baada ya hapo, aliyeonewa mara nyingi anabakia na njia ya kuomba fidia tu. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba hati ya mwezi uliopita si sawa na hati ya miaka kumi. Kwa mwenyeji, maana yake ni kwamba kunyamaza kunaua haki. Ukisikia mtu amepimisha shamba lako, usingoje aanze kujenga.

Jambo lingine: uliza ofisi gani ya ardhi inahusika na mahali pale. Mubambiro haiko ndani ya mji wa Goma. Hati ya shamba la Masisi iliyosainiwa na ofisi ya mahali pengine ni sababu ya kusimama na kuuliza.

Njia ya kuingia shambani

Tuchukue mfano wa kufikiria. Mama mmoja wa Goma ananunua hektari mbili nyuma ya mashamba ya watu watatu. Siku ya kutembelea, komisioneri anampitisha katikati ya maharagi ya jirani. Mama anauliza juu ya njia, anaambiwa: "Njia iko, tunapitaka hapa siku zote." Mwaka unaofuata jirani anauza sehemu yake kwa mtu mwingine, ambaye anazungusha ukuta wa mawe ya volkano. Mama ana hati, ana mipaka, ana miti yake, lakini gari la mbolea haliingii na mavuno yanatoka kwa kichwa.

Sheria ya Kongo inajua shida hii. Inaita haki ya shamba moja juu ya shamba la jirani servitidi. Shamba lililofungwa pande zote, lisilo na njia ya kufika kwenye barabara, mwenye nalo anaweza kudai kupita kwa jirani. Lakini analipa fidia kwa hasara anayomletea jirani, na njia inapitishwa mahali ambapo haitaharibu sana. Si zawadi, na si lazima iwe njia fupi kuliko zote.

Tofauti kubwa iko hapa: kuachiwa kupita kwa ujirani mwema si sawa na haki ya kupita. Ujirani mwema unakufa siku jirani anapokufa, anapouza ao mnapogombana. Haki iliyoandikwa inafuata udongo, hata udongo ubadilishe mikono mara tano. Kwa hiyo kama njia inapita kwa mtu, mwandikiane kabla ya kununua: njia inapita wapi, ina upana wa mita ngapi, ni ya miguu tu ao na gari na ng'ombe, nani anaitengeneza mvua ikiibomoa. Chifu na majirani wasaini. Kama jirani ana sertifika, omba haki hiyo iandikwe juu yake kwenye ofisi ya konservateri.

Geuza pia swali. Nani anapita kwenye shamba unalotaka kununua? Inawezekana watoto wanapita pale kwenda shule, wamama wanapita kwenda kuchota maji, wachungaji wanapitisha ng'ombe kwenda kwenye malisho. Ukizungusha ukuta bila kuwauliza, ukuta utabomolewa usiku na hutajua na nani. Na maji hayawi yako kwa sababu chemchemi iko ndani ya ua wako: sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inayahesabu kuwa mali ya taifa. Acha njia ya chemchemi, iweke kwenye kroki, na utakuwa umenunua amani pamoja na shamba.

Watu unaowakuta ndani

Katika Masisi shamba tupu ni kitu cha nadra. Hata pale ambapo macho yanaona majani tu, kuna mtu anayelima upande mmoja, mwingine aliyezika wazazi wake, na mwingine anayefanya salongo, yaani anatoa siku kadhaa za kazi kwa mwenye ferme ili aachiwe kipande cha kulimia.

Sheria inataka watu hawa wasikilizwe. Vifungu vya 193 na vinavyofuata vinasema kwamba kabla ya konsesyoni yoyote ya ardhi ya vijijini kutolewa, lazima ufanyike uchunguzi wa awali mahali penyewe. Afisa anahakikisha mipaka, anaandika watu wanaokaa ao wanaofanya kazi pale, anaeleza nyumba, miti, maji na njia zilizopo, na anawasikiliza wenye malalamiko hata kama wanasema kwa mdomo tu. Uchunguzi huo ukifanywa mezani Goma, bila mtu kukanyaga shamba, hati inayotoka ina ugonjwa tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo mnunuzi, omba kuona ripoti ya uchunguzi huo. Na mwenyeji, siku afisa anapofika, usikimbie na usinyamaze kwa kuogopa. Sema jina lako, onyesha shamba lako, angalia kama ameliandika.

Jimbo la Kivu Kaskazini lilitoa pia mwaka wa 2012 sheria yake, ile edi inayopanga uhusiano kati ya machifu, wenye konsesyoni na wakulima. Wazo lake ni jepesi: mkulima na mwenye ardhi waandikiane, ili mtu asifukuzwe mavuno yakiwa bado shambani. Ukinunua ferme yenye wakulima ndani, unanunua pamoja na makubaliano yao. Uliza yako namna gani, na mpatane juu ya muda wa kuvuna na kuondoka, ao juu ya kubaki.

Mipaka ambayo haiuzwi

Mubambiro inapakana na ardhi ambazo hakuna chifu wala mtu binafsi anayeweza kuziuza. Ya kwanza ni hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa tarehe 21 Aprili 1925 ikiitwa hifadhi ya Albert, na iliyoingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka wa 1979. Bei ya chini upande wa mwitu mara nyingi ina maana hiyo tu. Kabla ya kulipa, uliza ofisi ya ICCN mpaka unapita wapi. Mpaka huo umeleta ugomvi kati ya wakaaji na hifadhi kwa miaka mingi, lakini ugomvi haugeuzi ardhi ya hifadhi kuwa kiwanja cha kuuza.

Ya pili ni ardhi ya kandokando ya barabara kubwa na ya ziwa. Hiyo ni ya umma, na siku barabara inapanuliwa, nyumba iliyojengwa pale inabomolewa. Ya tatu ni ardhi za kambi. Mubambiro imekuwa na kambi za kijeshi kwa miaka mingi, na kiwanja kilichokaa tupu kwa sababu askari walikuwa pale bado kina mwenyewe, mkulima ao Serikali.

Kuuza wakati mwenye shamba hayuko

Mwaka wa 2024 mapigano yalifika mpaka Sake na Mubambiro, na mwezi wa Januari 2025 M23 iliingia Sake, kisha Goma. Familia nyingi zilikimbia, zikakaa kwenye kambi za kandokando ya Goma, zikahama tena kambi zilipovunjwa. Shamba lililoachwa namna hiyo linavutia wauzaji wa uongo: ndugu asiyetumwa, jirani aliyesogeza mpaka, mtu wa madaraka anayejigawia.

Kukimbia vita si kuuza. Aliyekimbia bado ana haki yake, na anayenunua kwa mtu asiye mwenyewe ananunua kesi. Ogopa bei ya haraka, ogopa muuzaji anayetaka mmalize leo jioni, na ogopa karatasi iliyosainiwa na mkubwa ambaye miezi michache mbele hakuwa na kiti hicho. Masisi ilikwisha kuona hati za wakati wa vita zikiamsha kesi miaka mingi baada ya vita kuisha.

Kuna pia mauzo yanayofanywa kwa siri ndani ya nyumba. Kodi ya familia ya Kongo, katika kifungu cha 499, inataka mume na mke wote wawili wakubali kabla ya konsesyoni kuhamishwa, hata kama ndoa yao iko chini ya mpango gani wa mali. Baba anayeuza shamba bila mama kujua anatengeneza kesi. Vilevile shamba la marehemu: kama warithi ni saba, sahihi ya mkubwa wao peke yake haitoshi. Wajane na wasichana wana haki, hata kama katika kikao hakuna mtu aliyewaita.

Kabla ya kutoa pesa

Kanyaga shamba mwenyewe, mara mbili, siku mbili tofauti, na mara moja bila komisioneri. Zunguka mipaka na majirani wa pande zote. Kila mmoja aseme mpaka wake na jina lake liandikwe.

Ongea na nyumbakumi na wazee wa lokalite kabla ya kuongea bei. Uliza historia ya kilima, si ya muuzaji tu.

Tafuta kujua kama kiwanja kinahesabiwa cha mjini ao cha kijijini, maana hatua si zilezile.

Peleka namba za hati kwa konservateri na kwa kadastri, na omba jibu kwa maandishi.

Andika njia ya kuingia, njia ya maji na njia ya mifugo kwenye kroki, na wote wanaohusika wasaini.

Hakikisha mke ao mume wa muuzaji, ao warithi wote, wako na wanasaini.

Lipa kwa awamu, mbele ya mashahidi, na acha sehemu ya mwisho mpaka hati itoke kwa jina lako. Kila pesa ina risiti. Ukiambiwa "leta kitu kidogo, tutaandika kesho", kesho ikifika njo utoe.

Peleka karatasi ya mauzo mbele ya notari, kisha fuata uhamisho mpaka sertifika mpya itoke. Wengi wanasimama katikati ya njia hii kwa sababu gharama zimewachosha, na katikati njo pale wanaporwa.

Kama ugomvi umekwisha anza

Usitume vijana, usitume askari, usikate miti. Anayeanza kwa nguvu anapoteza hata haki aliyokuwa nayo. Kusanya karatasi, piga picha za mipaka na mimea, andika majina ya wazee wanaojua. Peleka neno kwanza kwa kikao cha lokalite na grupema, kwa sababu ugomvi mwingi wa mipaka unamalizika pale kwa mbuzi mmoja na chupa chache, lakini mapatano yaandikwe na kusainiwa.

Ikishindikana, sheria ya mwaka wa 2013 juu ya mahakama inapeleka ugomvi wa ardhi za desturi kwa tribinali ya pe. Ugomvi wa sertifika unapanda kwa tribinali kubwa. Pale ambapo tribinali hazifanyi kazi kwa sababu ya vita, bado unaweza kuweka alama: barua ya kupinga kwa ofisi ya ardhi, nakala kwa chifu, nakala nyumbani kwa mtu unayemwamini nje ya eneo. Barua hiyo haisimamishi miaka 2 kama kesi, lakini inaonyesha kwamba hukunyamaza, na avokati ataanzia pale siku mlango utakapofunguka.

Shamba la Mubambiro si mita na bei tu. Ni hati katika kitabu cha konservateri, ni neno la wazee, na ni njia ambayo watu wanapita kila asubuhi. Ukikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, bado hujamaliza kununua, hata kama pesa zote zimeisha mfukoni.